Mimi Si Mavuno

Mwezi uliopita mwenzangu mmoja kazini alirudi kutoka kwao na kibuyu cha maziwa. Alipokifungua, ofisi nzima ilijaa ile harufu ya moshi ambao wafugaji hufukizia vyombo vyao. Wenzangu walikimbilia vikombe. Mimi nilirudisha kiti nyuma nikamuuliza, "Umetuletea kwa sababu gani?" Alidhani natania, akacheka, akanijazia kikombe. Sikuwa natania hata kidogo. Maziwa ya namna hiyo nilinyweshwa kwa mara ya kwanza nikiwa mtoto, kwa upole uliozidi kiasi, na tangu hapo siwezi kuyanusa bila kujiuliza ni nani anataka kuondoka na hataki kusema.

Watu wa rika langu wakikaa kusimulia walivyoishi ng'ambo, husimulia theluji na treni za chini ya ardhi. Mimi nami niliishi ng'ambo, tena nikiwa mdogo kuliko wote, ila nikisema ng'ambo yangu ilikuwa Karagwe, nchi jirani tu, wananicheka. Wacheke. Mama yangu alikuwa muuguzi, akapata kazi hospitalini Nyakahanga, huko huko Karagwe, tukatoka Kisii tukavuka mpaka pale Isebania tukiwa na masanduku mawili na godoro. Huko nilikuwa mgeni kamili. Siku ya kwanza shuleni nilimwambia jirani yangu wa dawati, "Leta rula," na darasa likanyamaza kana kwamba nimemtukana mama yake. Kule mtu haombi hata chumvi bila kupitia "samahani" na "naomba." Kila mtu alikuwa mpole, na mimi upole ulinitia wasiwasi.

Shaka hiyo nilifundishwa na baba. Jumamosi moja, tukiwa bado kwetu, alituamsha mapema akatupeleka Kisumu bila sababu yoyote. Tulikula samaki kando ya ziwa, akaninunulia viatu vyekundu, akanibeba mabegani kama mtoto mdogo. Jumatatu nguo zake hazikuwepo kabatini. Alikuwa amehamia Nakuru kwa mke mwingine, na safari ile ilikuwa ndiyo kwaheri yake, ila sisi hatukuambiwa. Basi nikajiwekea sheria yangu: mtu mzima akikutembeza bila sikukuu, kuna mtu anaachwa.

Kwa hiyo mama aliposema, "Moraa, wikendi hii tunakwenda kutembea. Jumamosi tutaona ikulu ya wafalme wa zamani kule Bweranyange, Jumapili tutasherehekea mavuno Nyakakika kwa kina Mama Koku," sikuruka kwa furaha. Niliuliza, "Tunakwenda sote?"

"Sote."

"Na tunarudi sote?"

Mama alikuwa anapiga pasi. Alipitisha pasi mahali palepale mara kadhaa, kisha akasema, "Wewe mtoto una maneno mengi." Hilo halikuwa jibu, na wote wawili tulijua.

Usiku mfuko ulipopangwa nilipekua kama askari wa mpakani. Nikakuta gauni langu la kanisani, sweta, kandambili, na chini kabisa, sare zangu za shule, zote mbili. Nani anakwenda kutembea na sare za shule? Nilimuuliza. Akasema nikilowa mvua nitakuwa na cha kubadilisha. Ilikuwa kiangazi, vumbi la Nyakahanga lilikuwa limefika hadi kwenye meno.

Mama Koku tulimjua kwa sababu binti yake Koku aliwahi kulazwa kwa mguu uliovunjika, na mama ndiye aliyekuwa akimfunga na kumfungua. Tangu siku hizo mwanamke yule hakukoma kutuletea mikungu ya ndizi. Alikuwa mrefu, mkulima wa kahawa na migomba, na akicheka alifunika mdomo kwa kiganja. Tulifika kwake asubuhi. Nyumba ilikuwa katikati ya kibanja, migomba imeizunguka pande zote hadi huoni barabara uliyotoka. Hilo nalo nililitia akilini.

"Shikamoo," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu."

Mwanangu! Hata mfuko haujashushwa.

Akanipa maziwa kwenye kikombe cha bati, yenye ile harufu ya moshi. Alionja kwanza yeye, kidogo tu, ndipo akanikabidhi. Nilipomaliza akanijazia tena. Nilipomaliza hicho akanijazia kingine, akasema, "Kunywa waitu, umekonda, wewe ni wa kunenepa." Waitu kwao ni neno la kumwita mtu kwa upendo. Mama alikuwa anatuangalia akiwa na uso wa mtu anayepima kitambaa dukani. Koku, aliyekuwa wa umri wangu, alikaa kwenye ngazi akinitazama kwa huruma, au hivyo nilivyoona. Sasa najua alikuwa anatamani viatu vyangu.

Bweranyange tulikwenda kwa bodaboda mbili, mimi na mama nyuma ya dereva mmoja, Mama Koku na Koku nyuma ya mwingine. Nilitarajia ikulu yenye lango. Nilikuta kilima chenye nyasi, upepo, na nyumba ndogo ya kuhifadhia vitu vya kale. Mtunzaji wa mahali pale, mwanamume wa makamo mwenye kofia ya sufu, alitueleza habari za wafalme, ngoma zao, mikuki yao, na ng'ombe wadogo waliofuliwa kwa chuma. Alikuwa msimulizi mzuri. Mama alisikiliza akiwa amejishika kiuno, akikaa chini kila alipopata pa kukaa, jambo ambalo nililiona nikalitafsiri kuwa ni kuchoka kwa dhamiri.

Kisha mtunzaji akafika kwa wake wa mfalme. "Hao," alisema, "walikuwa hawafanyi kazi. Kazi yao ilikuwa kunywa maziwa. Kutwa kucha maziwa, hadi mtu hawezi kusimama, anatambaa chini. Huo ndio uliokuwa uzuri wenyewe."

"Walikuwa wanataka?" niliuliza.

"Nani amuulize? Wazazi wanamleta binti, mfalme anampokea, maziwa yanaanza."

Mama Koku alicheka akifunika mdomo. Mama naye akacheka, kicheko kifupi. Mimi nilijipapasa mbavu. Vikombe vitatu! Nilimtazama yule mwanamke mrefu, nikatazama mfuko wetu ambao haukuwepo kwa sababu tuliuacha kwake, nikaunganisha mambo yangu. Niliporudi kwenye bodaboda nilimkumbatia mama kiunoni kwa nguvu sana, akatoa sauti ya maumivu, akaushusha mkono wangu kidogo. Nilifikiri hataki nimguse.

Jioni kabla ya chakula Koku alinionyesha mbuzi aliyetengwa kwa ajili ya sherehe ya kesho, na boga langu. "Langu?" nikauliza. Ndiyo, kila mtoto wa nyumba hubeba kitu chake kupeleka kanisani, na mama yake alikuwa ameshanichagulia boga. Kila mtoto wa nyumba. Nilitaka kwenda kumwambia mama, nikamkuta barazani na Mama Koku, wamekaa kwenye mkeka wakitazamana, kimya, jambo lisilo la kawaida kwa wanawake wawili waliokuwa wakiongea tangu asubuhi. Mama Koku alimenya buni moja ya kahawa. Kama mnavyojua, ndani ya ganda moja hulala punje mbili zimegeuziana matumbo. Akaweka punje moja kwenye kiganja chake, nyingine kwenye kiganja cha mama.

"Zamani walijichanja hapa karibu na kitovu, wakazipaka punje damu," alisema.

"Damu hapana," mama akajibu. "Mimi ni muuguzi."

Wakacheka kidogo. Kisha kila mmoja akainama akachukua kwa midomo ile punje iliyokuwa kiganjani mwa mwenzake, akaitafuna, akameza. Mama alifumba macho. Mama Koku alifuta yake kwa upande wa kanga.

"Wanafanya nini?" nilimnong'oneza Koku.

"Wananywana. Ni omukago. Sasa ni ndugu, hata kifo hakiwatenganishi. Mama yako ni mama yangu, na mama yangu ni mama yako."

"Wamebadilishana?"

Koku alifikiri. "Kama hivyo," akasema, maana naye alikuwa mtoto.

"Na mtu akiuvunja?"

"Tumbo linamvimba, anakufa."

Chakula cha jioni kilikuwa ndizi na maharage yenye samli, kitamu kweli, na mimi nilikula kijiko kimoja tu. Sikutaka kunenepa. Mama aliniuliza kama naumwa. Nilimwambia siumwi, natazama tu. Ndivyo nilivyokuwa nasema siku hizo nilipokuwa nimekasirika, na mama alijua, lakini jioni ile aliniacha.

Asubuhi tulikwenda kanisani kwa miguu, sisi na kijiji kizima, na kijiji kizima kimebeba. Sijapata kuona tena mali nyingi hivyo zikitembea njia moja: mikungu ya ndizi vichwani, vikapu vya maharage, magunia ya kahawa kwenye baiskeli, kuku waliofungwa miguu, yule mbuzi wetu akivutwa na Koku. Ndani ya kanisa kulinukia ndizi mbivu na kinyesi cha mbuzi. Kwaya iliimba kwa Kinyambo, nikashindwa kujua wanasema nini, na kutojua kukaniongezea hofu. Mchungaji akasimama akaita kwa Kiswahili: "Leteni mbele vyote alivyowapa Bwana! Mazao leteni, mifugo leteni, hata watoto wenu waleteni, maana nao ni mavuno yake!"

Watu wakainuka. Mama hakuinuka. Alikaa kwenye benchi, akaniwekea boga mikononi, na Mama Koku akanishika bega. "Twende, mwanangu."

Niligeuka kumtazama mama. Alikuwa analia. Hapo nilijua nimekamatika.

Mstari ulisogea polepole. Mbele yetu, kila kitu kilichofika madhabahuni kilipokewa na mzee wa kanisa kikawekwa nyuma yake, na mwenye nacho akarudi mikono mitupu. Niliangalia kwa makini sana: hakuna hata kimoja kilichorudishwa. Mkungu ulikwenda. Kuku walikwenda. Mbuzi alitangulia mbele yangu, akapokewa kamba, akafungwa kwenye mguu wa meza. Kisha mzee wa kanisa akainama kwangu, akachukua boga kwa mkono mmoja, na mkono wa pili akaniwekea kichwani.

"Mimi si mavuno!" nilipiga kelele. "Mimi nina mwenyewe! Mimi ni wa Kisii!"

Kwaya ilinyamaza. Mbuzi akajibu. Halafu kanisa zima likaangua kicheko, mchungaji naye akashika mimbari akicheka, na mzee wa kanisa akabaki na boga langu hajui aliweke wapi. Mimi nilikimbia katikati ya mabenchi, nikatoka nje, nikasimama kwenye mibuni nyuma ya kanisa. Mtu asikwambie watoto hawajui aibu. Wanaijua sana, ila nilikuwa tayari kufa kwa aibu kuliko kufungwa kwenye mguu wa meza.

Mama alinifuata taratibu, Mama Koku akiwa nyuma yake. Akakaa chini kwenye majani makavu na gauni lake la kanisani.

"Umenipa watu," nikamwambia.

"Sijakupa watu."

"Umenipa. Sare ziko kwenye mfuko. Jana mmekula kahawa. Mnaninenepesha."

Mama alimtazama Mama Koku, na Mama Koku akatazama pembeni. "Nilitaka ufurahi kwanza siku mbili," mama akasema, "ndipo nikuambie. Nimekosea. Sikiliza. Tumboni mwangu kuna uvimbe. Unakua. Kesho nakwenda Mwanza wautoe. Siwezi kwenda na wewe, na kwa baba yako sitakupeleka. Utakaa kwa Mama Koku, utasoma na Koku."

Nilisikia neno moja tu. Uvimbe. Tumboni.

"Ulivunja nini?" nikamuuliza.

"Nini?"

"Omukago. Koku amesema mtu akivunja tumbo linavimba. Ulivunja nini?"

Mama Koku aliguna, akaita jina la Mungu kwa lugha yao. Mama alinivuta nikakaa karibu naye. "Sijavunja kitu, Moraa. Nimeuguza watu wengi. Ugonjwa haumuulizi mtu amevunja nini."

Nilikaa nikifikiri. Baba hakuwa ameahidi kitu, alituachia samaki na viatu. Pengine kasoro ilikuwa hapo: hatukumfunga. Na hapa, kwa bahati yangu, nilikuwa nimefika kwenye nchi ambayo watu walijua jinsi ya kumfunga mtu. Nilinyoosha mkono nikachuma buni nyekundu kwenye mti uliokuwa begani kwangu, nikaibana ikatoa punje mbili zenye utelezi. Moja nikaiweka kwenye kiganja cha mama, moja kwenye changu.

"Kula," nikasema. "Kula yangu, mimi nile yako. Halafu utarudi, utake usitake."

"Hapana waitu," Mama Koku akaingilia, akiwa ameshtuka kweli. "Mama na mtoto hawanywani. Watu wanaonywana ni wale wa damu mbali mbali, ndiyo wawe kitu kimoja. Nyinyi ni kitu kimoja tayari. Mtakula nini?"

Niliona ni ujanja. Yeye alikuwa amepata kiapo chake jana, mimi nanyimwa changu. "Kula!" nikamwambia mama, na sasa nilikuwa nalia kwa sauti, na ndani ya kanisa kwaya ilikuwa imeanza tena.

Mama aliitazama punje ile kiganjani mwake kwa muda. Nilimwona anataka. Midomo yake ilisogea. Ingekuwa rahisi mno, punje ndogo namna ile, na mtoto angenyamaza. Kisha akafunga kiganja.

"Sitakula," akasema. "Nikila halafu nisirudi, utasema mama alikudanganya, na hilo utakaa nalo hadi uzee. Nataka kurudi. Nataka kuliko kitu chochote. Lakini kurudi si kitu ninachoweza kukuapia."

Ajabu ni kwamba niliacha kulia. Nilimtazama usoni nikitafuta mahali uongo ulipojificha, kama nilivyozoea kuwatafuta watu wazima wote, na sikuupata. Hakuna aliyewahi kuninyima ahadi. Wengine waliahidi tu, na baba aliondoka bila neno. Nilimwambia, "Haya," nikaitupa ile punje yangu kwenye majani.

Aliondoka Jumatatu asubuhi. Mimi nilivaa sare nikaenda na Koku shule ya Nyakakika, nikarudi, nikanywa maziwa niliyopewa, na bado sikumwamini Mama Koku. Simu ikilia alitoka nayo nje kwenda kuongelea migombani, na mimi nilimfuata nikijificha nyuma ya vigogo. Siku moja aligeuka ghafla, akanikuta nimechuchumaa, akaniwekea simu sikioni. Ilikuwa sauti ya daktari mwanamke, akieleza kwamba mgonjwa ana homa na wanaendelea kumwangalia. Mama Koku hakunitafsiria wala kunipunguzia. Aliniacha nisikie yote, kisha akanikalisha pale chini akakaa nami. Siku hiyo nililala kitandani kwake.

Kahawa ilikuwa bado inaanikwa mama aliporudi. Mimi na Koku tulikuwa tunaigeuza kwenye turubai, bodaboda ikasimama barabarani, akashuka mwanamke mwembamba aliyetembea kana kwamba ardhi ni ya mtu mwingine. Sikukimbia. Nilimngoja afike, nikamtazama kuanzia miguuni hadi kichwani.

"Umerudi?" nikamuuliza.

"Shikamoo kwanza!" Mama Koku alinikemea kutoka mlangoni, huku amefunika mdomo.

Mama alijishikilia begani kwangu ili akae. Mkono wake haukuwa na uzito wowote. "Nimerudi leo," akasema.

"Na kesho?"

"Kesho uniulize kesho."

Nilimuuliza kesho yake, nikamuuliza na keshokutwa. Alijibu vilevile: "Nipo leo." Ikawa ndiyo salamu yetu ya asubuhi, Nyakahanga kwanza, kisha Kisii tuliporudi, kisha kwa simu nilipokuwa chuoni, na baadaye nikiwa na watoto wangu mwenyewe. Mume wangu aliiona ni salamu ya ajabu, ya watu wasioaminiana. Sikuwahi kumweleza. Hata wodini, mwaka huu, nilikuwa namuuliza mama kila nilipofika, kabla sijaweka mfuko chini.

Asubuhi ya mwisho hakuwa na sauti. Nilimuuliza kama yupo, naye alinibana kidole, kwa nguvu zilizokuwa zimebaki. Nikavuta kiti nikakaa, na sikumuuliza habari za kesho.